Jembe Kwenye Mzigo wa Bondia

Shabani mwanangu,

Barua za watu huanza kwa kusema mimi mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Sasa wewe uko hapo uani, hatua kumi kutoka nilipokaa, unaruka kamba na kumtimulia mama yako vumbi kwenye michembe, viazi vikavu anavyokufungia vya safari. Kwa hiyo nakujulisha kwamba mimi ni mzima, wewe nakuona ni mzima, na kuku nao ni wazima. Tuendelee.

Ukifungua mzigo wako huko Dar es Salaam utakuta jembe. Usidhani baba yako amezeeka akachanganya mzigo wako na wa mtu anayehamia kijiji cha Ujamaa. Nimelitia mimi mwenyewe, nimelizungushia gunia, nikalilaza katikati ya suruali zako. Mpini wake nimeuchonga kwa mninga, wiki nzima, wewe ukidhani nachonga mguu wa kitanda. Mama yako alipoliona aliniuliza kama mtoto anakwenda kupigana ngumi au anakwenda kulima mpunga wa watu. Jibu lenyewe ni refu, na nusu yake mimi mwenyewe silijui. Ndiyo maana ya barua hii.

Mambo ya kuchemsha maji, ya kukalia mzigo wako treni ikisimama Dodoma, ya kutokopesha viatu, mama yako amekwisha kukueleza na atakueleza tena pale stesheni. Mimi hayo siyagusi. Mimi nataka kukueleza juu ya Mzee Kondo, huyo unayekwenda kukaa kwake na kufundishwa ngumi naye. Nimekudanganya juu yake tangu ulipokuwa unatambaa.

Utauliza kwa nini sikukuambia kwa mdomo. Mdomo wangu unaujua. Ukianza kusimulia unajiendea wenyewe, unapita kona bila kuniuliza, na mimi nafuata nyuma kama mtu anayekimbiza kofia kwenye upepo. Lakini penseli ni pole. Mwalimu wangu wa kisomo, yule binti mdogo aliyekuwa akinipiga vidole kwa rula mimi mwenye mvi, alinifundisha kuandika herufi moja moja, na mpaka leo naandika herufi moja moja. Nimegundua uongo unataka mbio. Nikifika katikati ya neno la uongo nakuwa nimeshachoka, nalifuta.

Basi hadithi ya barazani unaijua. Kwamba bingwa Kondo wa Kisarawe alikuja Tabora kwa treni akijidai, watoto wakimfuata, na baba yako, Mninga wa Ng'ambo, kijana asiyepasuka, akampiga ngumi moja ya kulia raundi ya kwanza, akaanguka kama gunia la karanga, akaamka akauliza kama treni ya Kigoma imeshapita. Umeisikia mara ngapi? Wewe mwenyewe unaiigiza. Juzi hapa mlipokuwa na wenzako ulimwigiza Kondo anavyoanguka, ukageuza macho, ukatoa na ulimi, jirani zetu wakashika mbavu. Mimi nikacheka kuliko wote, nikakusahihisha na mguu, nikakuambia wa kushoto ndio ulioanza kukunjika. Halafu nikaingia ndani nikakaa kitandani muda mrefu. Nilikuwa nafikiri, mtoto huyu ataenda kuigiza vile kwenye nyumba ya mwenyewe.

Kwanza, haikuwa raundi ya kwanza. Ilikuwa ya nne. Na yule aliyeuliza treni ni mtu wa Nzega, pambano jingine kabisa. Huyo nilimpiga kweli, wala usimpunguzie. Alikuwa mbeba marobota ya pamba, shingo kama kinu, na nilimlaza raundi ya pili mbele ya ukoo wake wote. Malipo yangu Nzega yalikuwa tairi mbili na kengele ya baiskeli, kwa sababu promota wetu alikuwa Mhindi mwenye duka la baiskeli, tukimwita Bwana Spoku. Mwaka mzima nikawa mtu mwenye kengele bila baiskeli. Nikitembea Ng'ambo nilikuwa naipiga mkononi, watu wanipishe. Wasichana walipisha. Mama yako hakupisha, ndipo nikamwoa.

Ndivyo ngumi za kulipwa zilivyokuwa kwetu wakati ule, mwaka mmoja baada ya Uhuru. Mchana napakua magunia stesheni, jioni napiga gunia lilelile. Glovu zilikuwa jozi mbili mjini kote, na moja imetoka pamba upande, ukipigwa nayo unasikia vidole vya mtu kama amekubishia hodi. Bandeji tulichana kanga za mama zetu. Ulingo tulijenga kwenye ghala tupu la karanga, mapipa chini, mbao juu, kamba za katani kuzunguka. Refa alikuwa gadi wa treni, na alitumia filimbi yake ya kazini, kwa hiyo kila raundi ikianza nilikuwa nataka kupanda behewa. Katika hali hiyo nilikuwa nimeshinda mapambano sita. Hilo la sita sijaliongeza, hesabu mwenyewe. Na hapo ndipo Bwana Spoku akamwandikia Kondo, ambaye Dar es Salaam kote alikuwa hajakutana na mtu wa kumsimamisha.

Kondo akaja Alhamisi, tupigane Jumamosi jioni. Nilikwenda stesheni kumwona. Alikuwa mwembamba, mrefu, ana mkoba mmoja. Nikajisemea, huyu nitamvunja kama ukuni. Akaniona, akanipima toka kichwani mpaka miguuni, akawaambia waliokuwapo kwamba amesafiri siku mbili kuja kupigana na mtu, na sasa anaonyeshwa punda wa misafara. Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikamjibu kwamba Wazaramo wanajulikana kwa ngoma na kula minazi, ngumi waliziona kwa nani. Hapo hakuna ugomvi, unajua. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Tunatukanana mpaka mgeni anatafuta polisi, kumbe tunasalimiana.

Sasa hilo la utani nalo sikuwahi kukueleza vizuri, nilikuachia matusi tu, asili yake sikukupa. Babu yako Salumu ndiye aliyenieleza. Yeye alikuwa mpagazi enzi za misafara, alibeba pembe kutoka hapa mpaka Bagamoyo akiwa kijana kama wewe. Alikuwa anachechemea mguu wa kulia, na kila ukimuuliza anakupa sababu mpya. Mara simba, mara pembe ilimwangukia, mara Mjerumani. Unaona nilikorithi mdomo. Lakini hili alilisema kila siku namna moja, halibadiliki. Alisema njia ile ilikuwa ndefu na watu walikufa. Mpagazi akianguka katika nchi ya Wazaramo, ndugu zake wako mwendo wa miezi mitatu, na msafara haungoji. Nani atamzika? Wakamzika Wazaramo. Na kwa kuwa hawawezi kumlilia mtu wasiyemjua, wakamtania. Ndipo tukawa watani, na ndiyo sababu mpaka leo ukifiwa, mtani wako ndiye anayeshika jembe. Ndugu wanalia, mtani anachimba na kuchekesha.

Babu yako alifariki Ijumaa usiku, kesho yake ndiyo pambano.

Hili sikukuambia kamwe. Hadithi yangu ya barazani haina maiti.

Jumamosi asubuhi nyumba imejaa watu, mimi nimekaa chini, sijui hata nafikiri nini, naona mtu mrefu anaingia amekunja suruali. Kondo. Amesikia kilio akiwa nyumba ya wageni, akauliza nani kafa, akaambiwa baba yake Mninga. Wazaramo mjini walikuwa watatu tu. Mmoja mzee sana, mmoja yuko zamu ya reli Urambo, wa tatu ni yeye. Kondo akauliza jembe liko wapi.

Ulikuwa mwezi wa tisa, mvua bado, na udongo wa Tabora mwezi wa tisa unaujua. Ni kama kuchimba baraza ya saruji. Kondo akachimba yeye na yule mzee, na mzee baada ya muda mfupi ikawa anachimba kwa mdomo. Vijana wetu wakataka kumpokea. Akawafukuza, akawaambia nendeni mkalie, kazi yenu ni machozi, mtaniharibia shimo. Alichimba toka asubuhi mpaka karibu adhuhuri. Wakati wa kuteremsha maiti akalala mle kaburini chali, akafumba macho, akasema hatoki. Akasema mzee huyu alikunywa maji ya babu zake njia nzima mpaka Bagamoyo bila kusema ahsante, na sasa anataka na kaburi la bure. Watu walikuwa wanalia na kucheka pamoja, sauti ilikuwa moja, huwezi kuzitenga. Wakamuuliza anataka nini. Akasema kofia ya marehemu. Wakaileta, ile kofia ya kiua ya nyuzi za kahawia aliyokuwa akienda nayo Ijumaa. Akaivaa, akatoka, na hapo akaanza kutembea kama babu yako. Mguu ule ule. Mkono mgongoni vile vile. Na hajamwona babu yako akitembea hata siku moja, labda aliulizia kwa watu, labda aliambiwa pale pale, sijui. Nilimtazama nikasahau kwamba baba yangu yuko kwenye jeneza.

Baada ya maziko Bwana Spoku akaja, amevua viatu mlangoni. Akaniambia, "Ahirisha, Mninga. Wewe iko fiwa. Mimi tabandika tangazo."

Shabani, pale ndipo nilipopotea njia. Nikasema hapana. Watu wamenunua tiketi, jina langu limebandikwa mpaka soko kuu, na Kondo anarudi na treni ya Jumapili. Nilijipa sababu nyingi. Lakini sababu yenyewe niliijua nikiwa nimekaa pale pale kwenye mkeka. Niliona viganja vya Kondo alipokuwa ananawa. Ngozi ilikuwa imechubuka, nyekundu kabisa, vidole haviwezi kukunjika. Na mimi bondia nikafikiri kama bondia. Mtu asiyeweza kukunja ngumi, jioni ya leo ana mikono miwili ya mapambo.

Sijui kama uliwahi kufikiri jambo, halafu ukageuka kuona nani aliyelifikiri. Mimi niligeuka hivyo. Hakukuwa na mtu.

Nikatoka matangani siku ile ile ya maziko. Mama yako, bado bibi harusi, aliniona nikichukua mfuko wa glovu, akaangalia pembeni, na siku tatu zilizofuata sikusikia sauti yake. Bibi yako alikuwa ameanza eda, amekaa chumbani. Kutoka Ng'ambo mpaka lile ghala la karanga si mbali, alisikia watu wakishangilia jina la mwanawe na yeye amekalia mkeka wa kilio. Hakunisema. Afadhali angenisema.

Sasa sikiliza yaliyotokea ulingoni, nami nitakueleza kama nilivyoyaona, na usiniulize zaidi maana mwisho wa ujuzi wangu ni hapo.

Kondo aliingia na kofia ya babu yako kichwani. Akazunguka ulingo mzima akichechemea, mkono mgongoni. Watu waliomzika mzee asubuhi walikuwamo mle ndani, na wengine walisimama kwa heshima, wengine walicheka, mmoja akasema kwa sauti, shikamoo Mzee Salumu, na Kondo akamjibu marahaba kwa sauti ya babu yako. Refa akamtaka avue kofia. Akaivua, akaikunja, akampa mtu wake aishike.

Raundi mbili za kwanza nilimpiga. Nilimbana karibu, nikampiga mikononi makusudi, kwenye glovu, ili asikie viganja. Ndiyo. Makusudi. Yeye alipiga kwa mkono wazi, kama mtu anayefukuza nzi. Raundi ya tatu akaanza kunizunguka, na katika kuzunguka, labda ni uchovu wa kuchimba, labda ni utani, sijui, akaanza kuchechemea tena. Mguu ule ule. Mikono yangu ikashuka yenyewe. Nilikuwa nimeegemea kamba, uso wote uko nje kama sahani, na niliona mkono wake wa kulia umekwisha kurudi nyuma, uko tayari. Mtu wa kiwango chake hakosi pale, hata kwa mkono wa mapambo. Haukuja. Alinitazama tu. Filimbi ikalia.

Raundi ya nne nikarusha wa kulia. Akaanguka.

Mwanangu, wewe umeshapigana sasa, unalijua hili. Ngumi iliyoingia vizuri inarudi. Inapanda mkononi, inafika begani, unaisikia kabla mtu hajaanza kuanguka. Ile haikurudi. Au ilirudi na mimi sikuwa nasikia kitu siku ile, hata chakula nilichokula asubuhi sikukijua ladha. Nimeipiga ile ngumi tena mara nyingi hewani, hapo uani, ukidhani nafanya mazoezi. Nilikuwa naitafuta. Siku nyingine naisikia begani, nalala vizuri. Siku nyingine siisikii.

Nilipomwinua baada ya kuhesabiwa, aliniegemea sikioni akasema, "Mtani, mzee wako alikuwa mzito. Mgongo umekwisha." Halafu akacheka.

Utalishika vipi neno hilo? Angekuwa Mhaya, Mhehe, mtu yeyote, ningemwambia simama hapo, unasema nini. Lakini mtani hashikwi kwa neno. Anaweza kukuambia kweli ukacheka, na anaweza kukutania ukalia miaka kumi na minane. Jumapili nilimsindikiza stesheni, na viganja vyake amevifunga kitambaa, na ile kofia amevaa. Nikataka kumuuliza. Badala yake nikamwambia aende salama, akifika awasalimie minazi. Treni ilipoanza kusogea akatoa kichwa dirishani akasema siku yake ya kufiwa na mimi niende nikachimbe, tuone kama nitafika raundi ya nne.

Mimi nikabaki bingwa. Niliitwa Shinyanga, niliitwa Mwanza, niliitwa Dodoma, kote nikitangazwa kama mtu aliyemwangusha Kondo. Na kote nilikuwa napigana nikijiuliza. Mtu anayejiuliza anachelewa, ndivyo sikio langu hili la kushoto lilivyokwisha, Dodoma, raundi ya tano. Halafu mambo yakageuka, tukaambiwa kupigana kwa malipo ni mambo ya kibepari, ulingo wetu ukavunjwa, mbao zikaenda kujengea ofisi ya kijiji. Wenzangu walisikitika. Mimi nilijifanya nasikitika.

Na bado sijafika kwenye kosa. Hayo yote nimeyaandika ili nifike hapa, na penseli inazidi kuwa nzito.

Wewe ulikuwa na miaka minne. Ikaja simu ya maandishi posta. Wakati ule sijui kusoma, akanisomea karani. MAMA AMEFARIKI. MTANI NJOO. KONDO. Maneno manne na jina.

Nilitoka na mfuko. Bibi yako alikuwa hai bado, akanifungia kitambaa cha rambirambi na jembe, ndiyo, jembe, alinipa lake la shambani. Nikakata tiketi. Nikakaa pale stesheni kwenye benchi la mninga, jembe kati ya magoti. Treni ya kutoka Kigoma ikaingia, ikasimama, watu wakashuka, watu wakapanda. Nilikuwa nawaza, nikichimba naye bega kwa bega, ataniambia. Kaburini mtani husema yote. Ataniambia kama nilishinda au kama alinipa, mbele ya watu, kwa kuchekesha, na watu watacheka, na mimi nitarudi Tabora nikiwa nani? Filimbi ikalia. Kumbuka filimbi ile ile niliyozoea kuinuka nayo. Siku ile haikuniinua. Treni ikaondoka nimekaa.

Nikarudi nyumbani nikasema treni imejaa. Bibi yako akalichukua jembe lake, akaliangalia chini kama lina udongo. Hakusema treni ikijaa namna gani watu hupanda hata juu ya mizigo. Akalirudisha pembeni ya mlango.

Mama yake Kondo alizikwa na majirani. Mtani wake alikuwa hapa, barazani, anasimulia jinsi alivyomwangusha mwanawe.

Ndipo hadithi ilipopungua raundi. Kabla ya hapo nilikuwa naisema raundi ya nne kama ilivyokuwa. Baada ya ile treni ikawa ya tatu, ikawa ya pili, mpaka ulipopata akili ikawa ya kwanza, ngumi moja. Kadiri nilivyoogopa ndivyo nilivyompiga haraka.

Sasa wewe umekua, mikono yako ni mizuri kuliko yangu, hilo nakuambia kwenye karatasi, kwa mdomo nitakataa. Umepata kazi kule kiwandani, na umetaka mwalimu, na ukasema kwa nini usimwandikie Kondo, si mnajuana. Ukanitazama kwa furaha kabisa. Nikashindwa kusema hapana, na nikashindwa kusema kwa nini. Nikamwandikia kwa mkono wangu mwenyewe, barua yangu ya kwanza kumwandikia mtu tangu nimalize kisomo. Jibu lake ulilisoma wewe kwa sauti, ukaniuliza maana yake nini, nikakuambia ni utani wa kizee.

"Mtoto aje. Aje na jembe lake."

Basi. Hakuna salamu, hakuna kutia sahihi.

Wiki tatu nimekuwa nalo neno hilo. Asubuhi naliona ni msamaha, adhuhuri naliona ni matusi, jioni naliona ni mtego, nikienda kulala nasema labda ana shamba, anataka kibarua. Nimeshalisoma kwa miwani na bila miwani. Mama yako ameniuliza mbona nazungumza peke yangu. Kweli sijui, Shabani. Mimi niliyekuwa najua kila kitu hapa barazani, sijui kama nakupeleka kwa baba yako wa pili au kwa mtu aliyeningoja miaka yote hii anilipize kwa mwili wako, kule ulingoni ambako mwalimu anaweza kukulaza kwa jina la mafunzo. Ndiyo maana nimetaka kukuzuia mara mbili wiki hii. Ile siku nilipokuambia goti lako halijapona, goti lako lilikuwa zima. Uliona, ukaniheshimu.

Sitakuzuia. Treni moja nimeiacha, inatosha.

Ila nakuomba hivi. Ukifika kwake usiseme mimi ni mtoto wa Mninga aliyekuangusha. Kuanguka kwake usikuigize popote, hata kwa wenzako kiwandani, hata nikifa. Weka mzigo chini, toa jembe, muulize kaburi la mama yake liko wapi. Nenda kalipalilie, inua udongo ulipotitia, fanya vizuri kama unavyomfanyia bibi yako. Ni kazi ndogo, na imechelewa miaka mingi, najua. Viganja vyako bado laini kwa ajili ya glovu, vitachubuka kidogo. Viache vichubuke. Usiguse glovu kabla ya hapo.

Ukiiona ile kofia usiiombe. Ni yake, aliichimbia.

Na umtazame vizuri unapofanya kazi. Wewe ni mtani wake kwa kuzaliwa, kama mimi. Akikutukana, akisema baba yako ni punda, akisema unachimba kama mtu anayekuna mgongo wa mkwewe, mtukane na wewe, usimwonee haya mvi zake, mwambie ni mla minazi, mwambie babu zake walituuzia maji. Akilala chini ukafikiri amepatwa na kitu, mwachie, ni zake hizo. Hapo uko nyumbani, mwanangu, kula chakula chake, lala, na akikufundisha kupiga, piga. Lakini akikupokea kwa adabu, akakuita bwana Shabani, akakukaribisha kiti, akanyamaza, basi funga mzigo wako siku ile ile urudi, nami sitakucheka.

Kama nilishinda au sikushinda, usimuulize. Akikueleza mwenyewe usiniandikie. Mama yako ananiita kula na mwanga unanikimbia, na wewe umemaliza kuruka kamba unaniangalia unashangaa naandika nini. Ninakupungia mkono kama mtu mwenye habari nzuri.

Niandikie neno moja tu, hata kwenye kipande cha gazeti. Niandikie kama alikutukana.

Baba yako,
Mninga